Kijineno Kigeuzacho Maana: Somo la Vitenzi vya Kiingereza Vyenye Mkia

Kijana mmoja aliyemaliza shule ya sekondari, na kupata alama nzuri katika Kiingereza, aliomba kazi ya ukarani, naye akaitwa kwenda kuhojiwa. Siku mbili kabla ya siku aliyopangiwa, alipokea barua fupi yenye maneno haya: "The interview has been put off. Turn up at this office next Thursday and hand in your form." Akaisoma mara tatu. "Put off" aliijua, maana nyumbani kwao watu husema hivyo wazimapo taa. Basi akaona kuwa mahojiano yamezimwa, hayapo tena. "Turn" alijua ni kugeuka. Basi ameambiwa ageuke arudi zake. Na "hand in your form" akaona ni kutakiwa kurudisha karatasi ya wenyewe. Akaitia fomu katika bahasha, akaipeleka posta ili ifike Alhamisi, kisha akarudi shambani kwa baba yake na moyo mzito.

Wiki tatu baadaye akapata habari kuwa mwenziwe waliyesoma pamoja, ambaye alikuwa nyuma yake darasani, ndiye aliyeandikwa kazi ile. Barua waliyopelekewa ilikuwa moja, na maana yake ilikuwa hivi: "Mahojiano yameahirishwa. Fika katika ofisi hii Alhamisi ijayo, ukabidhi fomu yako." Kijana yule hakukosa akili wala bidii. Alilifahamu kila neno la barua, moja moja, lakini barua yenyewe hakuifahamu.

Somo hili ni kwa ajili ya watu kama yeye, nao ni wengi. Katika Kenya Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili, kama ilivyoandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, na barua nyingi za kazi, za mikopo, za hospitali na za mahakama huandikwa kwa lugha hiyo. Asiyefahamu vitenzi hivi huenda akapoteza kazi, au shamba, au hata afya, kwa ajili ya kijineno chenye herufi mbili.

SI MANENO MAWILI, NI MOJA

Kiingereza kina vitenzi vifupi ambavyo kila mwanafunzi huvijua tangu darasa la kwanza: "put", "take", "give", "look", "turn", "go", "get" na vinginevyo. Kina pia vijineno vidogo vya kuonyesha mahali au upande: "up", "down", "in", "out", "on", "off", "over", "away", "back". Kitenzi na kijineno viwekwapo pamoja, mara nyingi huzaliwa maana mpya ambayo haimo katika kitenzi peke yake, wala haimo katika kijineno peke yake. "Give" ni kutoa, na "up" ni juu. Lakini "give up" si kutoa juu, bali ni kukata tamaa, au kuacha jambo ulilokuwa ukilifanya. Waswahili husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ndivyo ilivyo hapa: neno moja halivunji maana, sharti yawe mawili.

Msomaji asidhani kuwa huu ni ukorofi wa Kiingereza tu. Kiswahili nacho kina mambo kama hayo. Mgeni akiambiwa kuwa kupiga ni kuchapa kwa fimbo au kwa mkono, atafanyaje asikiapo kuwa mtu amepiga magoti, au amepiga simu, au amepiga pasi, au amepiga kura? Hakuna aliyeumizwa. Mswahili hafikiri neno "piga" peke yake. Hulisikia pamoja na mwenziwe, na maana huja mara moja. Mtoto hakufundishwa hivyo kwa kanuni. Alizoea kwa kusikia. Kadhalika Mwingereza asikiapo "give up" hafikiri kutoa wala juu.

MKIA WA KITENZI

Tena iko njia nyingine ya kulielewa jambo hili, nayo imo katika vitenzi vya Kiswahili vyenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hugeuzwa maana kwa kubadilishwa mkia. Funga, fungua, fungia, fungisha, fungana: mwanzo ni mmoja, mkia ndio ubadilikao. Kunja na kunjua ni kinyume, ziba na zibua ni kinyume, na mkulima anajua vema tofauti ya kuchimba na kuchimbua.

Kiingereza hufanya kazi iyo hiyo, ila mkia wake haukugandamana na kitenzi; umesimama mbali kidogo kama neno jingine. Kuchimba ni "dig", kuchimbua ni "dig up". Kutupa ni "throw", na kutupilia mbali ni "throw away". Katika mfano huu wa mwisho Kiswahili chenyewe kimetumia neno la mbali, "mbali", kukaza kitenzi, kama Kiingereza kitumiavyo "away". Basi mwenye Kiswahili hana sababu ya kuogopa. Jambo lenyewe analijua. Ageni wake ni mahali mkia ulipowekwa.

ASILI YAKE

Zamani za kale Kiingereza kilikuwa na vijineno vingi vilivyotangulia mbele ya kitenzi na kushikana nacho. Mabaki yake yako hata leo, kama vile "understand", yaani kufahamu, na "withstand", yaani kustahimili au kupinga. Baadaye desturi ikageuka, vijineno vingi vikahamia nyuma na kusimama peke yake.

Mwanafunzi ajihadhari, kwa kuwa mara nyingine namna zote mbili zimebaki, na maana zake zimeachana kabisa. "Overtake" ni gari kulipita gari jingine barabarani, lakini "take over" ni kushika kazi au madaraka ya mwingine. "Look over" ni kukagua jambo, bali "overlook" ni kulipita jambo bila kuliona, au kulifumbia macho. "The court upheld the decision" maana yake mahakama iliuthibitisha uamuzi. Lakini "hold up" ni kuchelewesha, au kuvamia kwa nia ya kuiba. Anayeandika kuwa karani wake ame-"overlook" hesabu, naye alitaka kusema ameikagua, amemshitaki karani bila kujua.

Waingereza wenyewe wametambua kwa miaka mingi kuwa vitenzi hivi ni vigumu kwa wageni. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake kubwa iliyotoka London mwaka 1755, alieleza kwamba jambo hili huwasumbua sana wageni wanaojifunza Kiingereza, naye akajitahidi kuviweka vitenzi hivyo katika kamusi yake. Jina vinavyoitwa leo kwa Kiingereza, yaani "phrasal verbs", lilienezwa na mwandishi Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925. Naye alisema kuwa jina hilo alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

MANENO MAREFU NA MANENO MAFUPI

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi, mahakimu na wanavyuoni walitumia Kifaransa na Kilatini. Kwa hiyo Kiingereza kilipata maneno mengi marefu kutoka lugha hizo, nayo maneno mafupi ya kienyeji hayakufa. Hata leo mara nyingi yako maneno mawili kwa jambo moja. Kuahirisha ni "postpone" au "put off". Kufutilia mbali mkutano ni "cancel" au "call off". Kuchunguza ni "investigate" au "look into". Kuzima moto ni "extinguish" au "put out". Kuendelea ni "continue" au "go on". Kuvumilia ni "tolerate" au "put up with". Kugundua ni "discover" au "find out".

Kiswahili kina desturi kama hiyo. Habari za redio husema kuwa mgeni amewasili, lakini nyumbani mtoto husema, "Baba amefika." Neno la kwanza lilitoka Kiarabu, la pili ni la asili ya Kibantu; yote ni mazuri, kila moja mahali pake.

Tofauti ni hii. Mtoto wa Kiingereza hujifunza kwanza yale mafupi kwa mama yake, kisha yale marefu shuleni. Mwanafunzi wa Kiafrika, kwa kuwa hujifunza zaidi kwa vitabu, mara nyingi hupata yale marefu kwanza. Ndiyo sababu mtu aweza kusoma makala ndefu ya gazeti na kuifahamu, kisha akashindwa kufuata maneno ya watu wawili wazungumzao kituoni.

MAANA ZA VIJINENO

Vijineno havikuwekwa ovyo tu. Vingi vina harufu ya maana yake ya kwanza, na anayeinusa hupata msaada, ingawa si kila mara.

"Up" mara nyingi huonyesha kuwa jambo limefika mwisho wake, halikubaki. "Eat up" ni kula mpaka chakula kiishe. "Use up" ni kutumia mpaka kusibaki kitu. "Dry up" ni kukauka kabisa, kama kisima wakati wa kiangazi.

"Down" huonyesha kupungua au kusimama. "Slow down" ni kupunguza mwendo. "Calm down" ni kutulia. "Break down" ni gari au mashine kuharibika ikasimama. "Close down" ni duka au kiwanda kufungwa kabisa. "Turn down" ina maana mbili: kupunguza sauti ya redio, na kukataa ombi.

"Off" huonyesha kutengana au kukatika. "Take off" ni kuvua nguo, na pia ni ndege kuruka kutoka ardhini. "Cut off" ni kukata na kutenga, kama maji au umeme ukatwapo. Lakini hapa pana mtego. "The lights went off" maana yake taa zilizimika, bali "the alarm went off" maana yake kengele ya hatari ililia, na "the bomb went off" maana yake bomu lililipuka. Mlinzi akiambiwa kuwa kengele "went off", naye akadhani imezimika, atabaki ameketi wakati wezi wanaingia.

"Out" huonyesha kutoka, kuenea au kwisha. "Give out" ni kugawa. "Wear out" ni kuchakaa. "Run out of" ni kuishiwa na kitu. "Carry out" ni kutimiza kazi au amri. Isichanganywe na "carry on", ambayo ni kuendelea, kwa kuwa "on" mara nyingi huonyesha jambo lisilokoma.

"Back" ni rahisi: huonyesha kurudi au kurudisha. "Give back" ni kurudisha kitu. "Call back" ni kumpigia simu mtu aliyekupigia.

Tazameni jinsi kitenzi kimoja kinavyogeuzwa na mkia wake. Mti husemwa "cut down" uangushwapo. Ukiisha anguka, gogo husemwa "cut up" likatwapo vipande. Na tawi moja likiondolewa katika mti usimame, husemwa "cut off". Mwenye shamba akimwambia kibarua "cut off" naye akafanya "cut down", mwembe wa miaka 20 umekwisha.

Kitenzi "look" nacho kina watoto wengi. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza. "Look into" ni kuchunguza. "Look up" ni kutafuta neno katika kamusi. "Look down on" ni kudharau. "Look out!" si kutazama nje, bali ni kusema "Jihadhari!" Fundi aliye juu ya nyumba akipaaza sauti hivyo, aliye chini na akimbie, asisimame kutazama.

PENYE HATARI

Yako mahali pengine ambapo kosa la kijineno huleta hasara kubwa.

Kwanza, hospitalini. Mwuguzi akiuliza, "Has the child thrown up?" anataka kujua kama mtoto ametapika. Mama akidhani anaulizwa kama mtoto amerushwa juu, atajibu hapana, na jibu hilo litaandikwa. "Pass out" ni kuzimia, "come round" ni kupata fahamu tena, na "pass away" ni kufariki dunia. Maneno ya kwanza na ya mwisho yanafanana, lakini kati yake pana kaburi. "Come down with malaria" ni kushikwa na malaria. Mgonjwa akiambiwa, "Use up all the tablets, even after the fever has gone down," maana yake amalize vidonge vyote, hata kama homa imekwisha kupungua.

Pili, penye fedha. "Take out a loan" ni kuchukua mkopo. "Pay back" ni kulipa deni, na "pay off" ni kulimaliza deni lote. "Fall behind" ni kuchelewa katika malipo. Deni likisemwa kuwa "written off", limefutwa, na mdaiwa afurahi. Lakini gari likisemwa hivyo na watu wa bima, limeharibika kiasi cha kutofaa kutengenezwa. Mali ikisemwa kuwa "sold off", imeuzwa yote, na mara nyingi kwa bei ya chini.

Tatu, penye sahihi. "Sign for a parcel" ni kutia sahihi kuonyesha kuwa umepokea mzigo. "Sign up" ni kujiandikisha katika chama au mafunzo. Bali "sign over the land" ni kutia sahihi ili ardhi iwe mali ya mtu mwingine. Zote ni sahihi, na kalamu ni ile ile. Lakini moja huleta mzigo nyumbani, na nyingine huondoa shamba la babu. Mtu asitie sahihi penye kijineno asichokijua mpaka amemwuliza mtu anayemwamini.

Nne, barabarani. "Set off" ni kuondoka kwa safari. Katika basi au matatu mtu husemwa "get on" apandapo na "get off" ashukapo. Askari akimwambia dereva "Pull over", anamwamuru asimame kando ya barabara. Na "held up" yataka kutazamwa sana: "The bus was held up by the rain" ni basi lililocheleweshwa na mvua, bali "held up by robbers" ni basi lililovamiwa na wanyang'anyi.

Tano, katika habari za serikali. "Stand for" ni kugombea kiti katika uchaguzi. "Step down" ni kuacha cheo, na "step aside" ni kukaa kando kwa muda mpaka jambo lichunguzwe. Katika siasa za Kenya, Machi 2015, wakati mawaziri kadhaa walipotajwa katika ripoti ya tume ya kupambana na ufisadi, neno lililosikika lilikuwa "step aside". Aliyelifahamu kuwa ni kujiuzulu alikosea. Wakati huo walikuwa wamekaa kando tu.

MAHALI PA KUWEKA MKIA

Baada ya maana huja mpango. Vitenzi vingine hukubali kutengwa na mkia wake. Mtu aweza kusema "Put out the fire" au "Put the fire out", na yote mawili ni sahihi. Lakini mahali pa jina pakiwekwa neno fupi kama "it", "him" au "them", sharti lije katikati: "Put it out", wala si "Put out it". Kadhalika "Fill it in", "Hand them over", "Call him back".

Vitenzi vingine havitengwi kamwe. Husemwa "Look after the child" na "Look after her". Hapana asemaye "Look her after". Na viko vyenye mikia miwili, navyo havitengwi: "run out of", "put up with", kuvumilia, "do away with", kuondosha kabisa, na "look forward to", kutazamia kwa hamu. Hiki cha mwisho hutumika sana mwishoni mwa barua: "I look forward to hearing from you." Angalieni kuwa ni "hearing", wala si "hear".

MAKOSA YA KWETU

Watu wa Afrika Mashariki wana mazoea yao katika Kiingereza, na mengine huwachanganya wageni. Wengi husema "Pick me at two o'clock", wakiacha mkia. Lakini "pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua. Majani ya chai ya Kericho ndiyo yanayochumwa hivyo. Mtu achukuliwapo kwa gari husemwa "pick up": "Pick me up at two o'clock." Na simu ilipo mezani husemwa "Pick up the phone."

Wengine huongeza mkia pasipohitajiwa, wakasema "cope up with". Iliyo sahihi ni "cope with", yaani kumudu. Na "keep up with" ni jambo jingine, yaani kwenda sambamba na wengine bila kubaki nyuma.

Tena kuna desturi ile ya kusema "put off the light", ambayo ndiyo iliyompoteza kijana wa barua. Kwa taa Waingereza mara nyingi zaidi husema "turn off" au "switch off", na "put off" huiweka zaidi kwa jambo lililoahirishwa. Anayejizoeza hivyo nyumbani hatapotea ofisini.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Vitenzi hivi ni maelfu, na hakuna awezaye kuvimeza kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi na awe na daftari ndogo, aandike vitatu tu kila siku. Asiandike kitenzi na maana yake peke yake, bali aandike sentensi nzima inayohusu maisha yake mwenyewe. Mkulima aandike "The rain washed away the soil", yaani mvua imechukua udongo. Mwenye simu aandike "I must top up my phone", yaani sharti niongeze salio, na "She hung up", yaani alikata simu.

Asijaribu kukariri watoto wote wa "get" kwa siku moja, maana watachanganyika. Afadhali akusanye vya mahali pamoja: leo vya hospitali, kesho vya basi. Na asomapo, akikuta kitenzi rahisi anachokijua lakini sentensi haileti maana, atazame neno linalofuata. Kama ni "up", "off", "out" au ndugu zao, ayatafute yote mawili pamoja katika kamusi. Kamusi nyingi huviweka vitenzi hivi mwishoni mwa maelezo ya kitenzi chenyewe. Basi asiishie kusoma mstari wa kwanza.

ZOEZI

Jazeni nafasi kwa kijineno kifaacho, kabla ya kutazama majibu.

1. The bridge was washed ... by the floods.
2. The nurse asked the mother to fill ... the card.
3. We have run ... of paraffin.
4. The policeman told the driver to pull ... .
5. He has given ... smoking.
6. The meeting was called ..., so nobody came.
7. The chief promised to look ... the complaint.
8. They paid ... the whole loan in June.

Majibu: (1) "away", daraja lilichukuliwa na mafuriko, (2) "in", mama aliombwa aijaze kadi, (3) "out", mafuta ya taa yametuishia, (4) "over", dereva aliambiwa asimame kando, (5) "up", ameacha kuvuta sigara, (6) "off", mkutano ulifutwa, (7) "into", chifu aliahidi kuyachunguza malalamiko, (8) "off", walilimaliza deni lote mwezi wa Juni.

Aliyepata sita au zaidi amefanya vema. Aliyepata chini ya hapo na alirudie somo kesho, kisha ajaribu tena.

Yule kijana wa barua aliitunza barua yake. Baadaye mwenziwe alipomweleza maana yake, aliandika chini ya barua hiyo vitenzi vitatu, kila kimoja na maana yake: "put off", kuahirisha, "turn up", kufika, "hand in", kukabidhi. Ndivyo alivyoanza daftari lake. Kazi ile ilikuwa imekwenda, lakini barua nyingine zitakuja, na atakayezipokea atajua kusoma maneno mawili kama moja.